Vikombe vya Safari ya Luvungi

Bukavu, Jumapili, baada ya Misa

Mama Zawadi,

Tumerudi jana kutoka Luvungi. Hakuna aliyeugua, hakuna kilichopotea isipokuwa kandambili moja ya Baraka, na masweta yote saba yamerudi. Naanza na habari hizo kwa sababu najua ndizo ambazo ungeniuliza mlangoni, kabla hatujatua mizigo.

Ninakuandikia nikiwa kwenye meza ya chakula. Vikombe vya bati vimerudi kwenye misumari yao ukutani. Zawadi alivisugua kwa majivu kama ulivyomfundisha. Nikiinua macho naviona vyote vinane, na mara mbili sasa nimeiweka kalamu chini. Kwa miaka thelathini na minane niliwafundisha wanafunzi kwamba barua nzuri haina mikwaruzo. Hii itakuwa nayo. Nivumilie.

Sidhani kama ulijua jinsi wajukuu walivyokuwa wakivivizia vikombe hivi. Kila likizo kubwa, tulipokuwa Luvungi kwa mdogo wako Mapendo, waliamka alfajiri wakanyata hadi mezani. Meza ikiwa tupu, siku ilikuwa ya kawaida. Vikombe vikiwa vimepangwa, kulikuwa na matembezi, na aliyejua ya wapi ni wewe peke yako. Ulisema tu, "Kila mutu abebe kikombe yake," ukatangulia njiani bila kugeuka. Huko tulikofika ndiko vikombe vilikojazwa: maziwa ya moto kwa wafugaji, maji ya miwa, mara moja karanga za kukaanga. Na mwaka ule wa Luberizi havikujazwa kitu. Ulitupeleka kwenye mashamba ya mpunga kufukuza ndege, na wajukuu wetu wakagonga vikombe kwa mawe asubuhi nzima wakipiga kelele, wakiona ni sikukuu, huku watoto wa pale wamekaa kivulini wakiwatazama. Mmoja wao akasema, "Hawa wamepanda gari toka Bukavu, wamekuya kutufanyia kazi yetu." Ulicheka mpaka ukakaa kwenye tuta la matope na kitenge chako kipya.

Nakumbuka pia mwaka ambao barabara ya bonde haikupitika, tukabaki mjini, nawe ukapanga siku ya Kalehe kwa boti. Merveille alikuwa na miaka sita. Aliniuliza asubuhi, "Babu, tunaenda wapi?" Nikamjibu kwamba tunaenda Kalehe, kwa boti, saa mbili kamili. Niliulizwa, nikajibu, sikuona kosa. Wewe ulivichukua vikombe kimoja kimoja ukavirudisha ukutani, ukakaa, na boti ile ikaondoka bila sisi. Tulipanda iliyofuata. Ulipokubali kuzungumza nami tulikuwa tumekwisha kupita visiwa, na ulisema mbele ya abiria wote, "Baba Zawadi, mwizi akikuuliza ufunguo iko wapi, utamujibu, na utamuambia na rangi ya mulango." Watu walicheka. Mimi nilitazama maji.

Ulikuwa na haki. Katika maisha yetu yote sikuwahi kukushtukiza hata mara moja. Kitenge cha uchumba wetu nilikuambia rangi yake wiki mbili kabla sijakileta.

Sasa nikuambie yaliyotokea tangu uondoke.

Siku ya Bonane, mwaka mpya ulipoanza, uliwakusanya watoto ukawaahidi: "Likizo kubwa hii, vikombe vitajaa kitu hamujakunywa tangu muzaliwe." Hukumwambia mtu ni kitu gani. Mwezi wa tatu ilikuja homa ile ya siku nne, ukaenda na siri yako. Sikulaumu. Lakini watoto hawakusahau. Matanga hayajaisha, Baraka alinijia na kikombe chake mkononi akauliza habari za bibi yake, "Babu, Koko alisema vikombe vitajaa. Vitajaa nini?" Nilimwambia sijui. Ndiyo ilikuwa kweli, na sijawahi kutamka kweli iliyoniuma namna ile.

Nilitafuta. Nilimpigia simu Mapendo, hakujua. Niliwauliza mama wa kikundi chenu cha parokia, nikamuuliza yule mama uliyekuwa ukinunua kwake sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye ulikuwa ukimweleza mambo ambayo mimi sikuyasikia kamwe. Hakujua. Nilipekua mkoba wako nikakuta rozari, leso, na peremende mbili zilizogandamana na karatasi zake. Nilizirudisha mahali pake.

Mwezi wa sita Zawadi akasema tusiende. Alisema kwa upole, akiwa amesimama jikoni na mgongo umenielekea: "Papa, mwaka huu tuache. Bila maman tutaenda kulia tu kule, na watoto watatuona." Nilijua kwamba tukiacha mara moja tutaacha daima. Mwaka unaofuata mmoja angekuwa na mtihani, mwingine angekuwa na mgonjwa, na Mapendo angebaki na vitanda vyake vimetandikwa. Watoto wa dada wawili wangekutana tu kwenye misiba. Hicho ndicho kilichoniogopesha kuliko kulia. Kesho yake nilimwambia Zawadi kwamba tunaondoka Jumatatu, na kwamba atakayelia atalia, Luvungi ina nafasi ya kutosha.

Barabara ilikuwa imetulia wiki hiyo. Niliwauliza madereva watatu. Tuliteremka mlima wa Ngomo polepole, watoto wakikaa kimya upande wa bonde kama kawaida yao. Tulipofika Kamanyola, joto likaingia garini, na hakuna aliyesema neno ulilokuwa ukilisema hapo kila mwaka. Nilijua ni zamu yangu, nikabaki nikitazama barabara. Ndipo Merveille, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili na anaanza kuwa na mabega yako, akasimama na kusema kwa sauti yako ileile, "Muvue masweta, tumefika kwa jua." Hata dereva alitazama kwenye kioo. Kisha masweta yakaanza kuvuliwa, yakapitishwa kutoka kiti hadi kiti, nami nikayapokea yote mapajani.

Siku mbili za kwanza watoto waliamka na kukuta meza tupu. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa bado natafuta kilichokuwa moyoni mwako, kama mtu anayesahihisha karatasi bila kuwa na majibu. Usiku wa pili niliacha kutafuta. Asubuhi ya tatu niliamka kabla ya jogoo, nikavipanga vikombe kwa kimo, kikubwa hadi kidogo, kama mstari wa darasa. Nilipomaliza nikaona nimepanga vinane, na chako kimo. Mapendo alikuwa amesimama mlangoni na kuni mikononi. Alivihesabu, akaenda kuwasha moto.

Tulitoka kwa miguu. Baada ya hatua hamsini Baraka akaniuliza, "Babu, tunaenda wapi?" Mama Zawadi, kinywa changu kilifunguka chenyewe. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikasema, "Tunaenda mbele." Haikuwa uongo. Ningefurahi kama ungesikia.

Niliwapeleka kwenye ile shule nje ya kijiji nilikopangiwa kazi ya kwanza, kwenye bomba la mkono lililo nyuma ya madarasa. Bado lipo, mkono wake umebadilishwa. Niliwasimulia kitu ambacho hatukuwahi kuwasimulia: kwamba babu yao aliteremka kutoka Bukavu akiwa kijana, na sweta na tai, kwa sababu hakuna aliyemwambia habari za joto la bonde, kwamba alianguka nusu kuzimia karibu na bomba hili, na kwamba msichana aliyekuwa akichota maji alimpa kikombe na kumwambia, "Kunywa, mwalimu ya baridi, usitufie hapa." Niliwaambia kwamba msichana huyo ni wewe. Nikavijaza vikombe vyao kwa mkono wangu, nikangoja.

Baraka akanywa, akatazama ndani ya kikombe, akasema, "Babu, hii ni maji tu. Tulishakunywaka."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Merveille akanitazama usoni na kuuliza kama hiki ndicho ulichokuwa umewaahidi. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Wote walitaka niseme ndiyo, na Zawadi zaidi yao, naye alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nikasema sijui ulichotaka, na sitakijua. Hiki ni changu mimi. Nilidhani nimeiharibu siku kama ile ya Kalehe, na safari hii hakuna boti ya pili.

Halafu Baraka akarukia mkono wa bomba aone kama utamnyanyua. Ukamnyanyua. Maji yakamrukia dada yake, dada yake akajibu kwa kikombe, na baada ya hapo sikuwa tena na darasa. Nilikuwa nimesimama pembeni na tai yangu, nikiwaza kuhusu viatu vyao, nilipohisi maji ya baridi yakiteremka kutoka utosini hadi ndani ya kola. Nikageuka. Alikuwa Merveille, na kikombe kilikuwa tupu, na uso wake ulionyesha kwamba ameelewa sasa hivi amemmwagia nani. Watoto wote waliganda pale walipokuwa. Nilichukua kikombe chako, kile chenye pengo ukingoni, nikakijaza taratibu, nikammwagia.

Watoto wa Luvungi walikuwa wamekwisha kujaa kwenye ukuta wa shule. Mmoja akatuambia, "Ninyi watu ya Bukavu, kwenu muko na ziwa muzima, mumekuya kuchezea bomba yetu." Zawadi ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Nilimtazama alivyokaa, nikalazimika kufuta miwani, ingawa ilikuwa imelowa tayari.

Siku nyingine zilipita vizuri. Tulilia, Zawadi alisema kweli, hasa jioni ya mwisho Mapendo alipoleta wali na kuusukuma upande wako wa meza kwa mazoea. Lakini hakuna aliyesema tusirudi. Na jana, tulipofika, Zawadi alivisugua vikombe, akavitundika, akakaa hapa mbele yangu muda mrefu. Kisha akauliza bila kunitazama, "Papa, mwakani ni wapi?"

Nilikuwa ninajua. Nililipata jibu garini, tukipanda milima, masweta yakivaliwa tena. Sikumwambia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimeulizwa swali ninalojua jibu lake, nikatazama dirishani.

Ningependa kukuambia wewe. Nimelitamani hilo asubuhi hii nzima ya Misa, kama ambavyo ninatamani kukuambia kila kitu, jinsi mvua ilivyo, nani ameoa, bei ya mkaa. Ninageuka kitandani na jambo liko tayari mdomoni, kisha naona ukuta. Lakini siri ile uliyoondoka nayo nimeiacha ikae kwako, sitaitafuta tena. Na hii yangu itakaa kwangu. Merveille husoma kila karatasi anayoiona mezani, kwa hiyo siiandiki. Na hata kama asingesoma, nisingeiandika.

Lala vizuri, Mama Zawadi. Nitawapeleka watoto kwa Mapendo kila likizo kubwa nitakayokuwa na miguu ya kuteremka Ngomo, na miguu ikigoma, Merveille ameshajua kazi. Kikombe chako kiko kwenye msumari wa mwisho, karibu na dirisha. Mwakani nitakibeba mimi.

Usiniulize tunaenda wapi.

Baba Zawadi