Maua Yasiyokuwa ya Mwajuma

Dada yangu Mwajuma,

Barua hii nataka kuiandika mwenyewe. Wewe umezikwa Kigoma, hutaisoma. Wataisikia watu wa mtaa wetu hapa Rumonge.

Unaukumbuka mchanga wa ziwa, na yale majani yaliyotambaa juu yake? Ulianika ndagala zako hapo, dagaa wa ziwa letu, zikauke bila kushika mchanga. "Huu ni mukeka wangu," ulikuwa ukisema. Ziwa lilipochafuka, majani hayo yaliushikilia mchanga usimezwe na maji.

Mwaka wa uhuru nilikuwa mwalimu kijana, suruali imepigwa pasi, najua kila kitu. Nilileta miche ya maua kutoka bustani ya misheni, yale ya rangi ya machungwa na waridi, nikaipanda ufukoni na wanafunzi ili sherehe ipendeze. Ulikuja na kikapu kichwani.

"We mwalimu, hii maua yako iko na miba! Ndagala nitaanika wapi, juu ya kichwa yako?"

Wanafunzi walicheka. Kicheko kile kiliniuma, na ulipoing'oa miche sikuja kwako tuzungumze kama ndugu. Nilikuita mbele ya wanafunzi na wazazi wao, nikasema unachukia uhuru, nikakuamuru upige magoti uipande upya. Uliipanda yote bila kunitazama. Kisha ukajipangusa mikono: "Murakoze, mwalimu," ukanishukuru kama mtu wa mbali. Tangu siku hiyo hukuniita tena mdogo wangu.

Mwaka wa sabini na mbili, wakati wa mauaji, ulipokimbilia Tanzania na watoto, ulisimama mlangoni kwangu kidogo tu. "Ile kitu uing'oe. Ndege wanakula mbegu yake, wanaimwaga kila mahali." Niliahidi. Sikung'oa hata shina moja. Kung'oa kungekuwa kukiri kwamba ulisema kweli.

Maua yakawa kichaka, kikafika Gatete, sasa kinaelekea msitu wa Kigwena. Majani yako yalikufa kivulini, na ziwa linakula ufuko. Na watu, kwa kuwa ni wewe waliyekuona ukiyapanda, waliyaita maua ya Mwajuma. Jina hilo nimelisikia mpaka uzeeni mwangu. Lilinifaa, nikanyamaza.

Mwezi uliopita watu walianza kukifyeka. Hadija, binti yako aliyerudi kutoka Tanzania akakaa Nyanza-Lac, alikuja kusaidia. Mama mmoja alichomwa na miba, akapiga kelele, "Huyo Mwajuma alaaniwe!" Hadija akaweka jembe chini. "Alikuwa mama yangu," akasema. "Mutusamehe."

Dada, nilikuwa nimekaa palepale, kwenye kiti walichoniletea kwa heshima. Mtoto wako aliomba msamaha kwa kosa langu, nami niliomba maji ya kunywa.

Jumamosi watarudi kufyeka. Nimemwambia Hadija kila kitu. Aliinuka akaondoka, na sijui kama atakuja. Nitaisoma barua hii mbele yao nikiwa nimesimama, sauti ifike itakapofika. Niliyapanda mimi. Wanaotaka kuyalaani wayaite kwa jina langu.

Pale walipokwisha kusafisha, Hadija alipanda vipande vya majani yako, alivyovikuta bado vikiishi upande wa Kigwena. Vimeanza kutambaa. Havitoshi hata kikapu kimoja cha ndagala.

Lala salama, dada. Nami naja, na huko hakutakuwa na wanafunzi wa kunisikiliza.

Mdogo wako, kama utakubali kuniita hivyo tena.