Wanataka Nimtume Masika

Mama yangu,

Hapa mtaani Lumumba tungalipo. Barabara ya Kasenyi ilifunguliwa, ikafungwa, sasa imefunguliwa tena, na samaki wanapanda kutoka ziwani. Meza yako sokoni naishika mimi. Wateja wako wa zamani wananiambia sijui kuchagua samaki kama wewe, nami nawajibu wakufuate huko uliko. Tunacheka, kisha nageuka kidogo nijifute macho. Amani tunayo, ile amani ya kulala viatu vikiwa karibu na mlango.

Nakuandikia kwa sababu nimekwama. Mjukuu wako Masika, binti yangu, amemaliza masomo ya uuguzi, na kituo cha afya cha kanisa kule Gety kinamwita. Jumapili mchungaji atamsimamisha mbele, na mimi mzazi niweke mkono juu ya kichwa chake nimtume mbele ya watu wote, kama desturi yetu ilivyo. Masika mwenyewe amesema wazi: "Maman, bila mukono yako, miye siende." Na mimi sitaki, Mama. Gety! Habari zinazotoka huko leo ni nzuri, kesho mbaya. Mkono wangu umekuwa mzito.

Wako ulikuwa mwepesi. Ulitutuma kila asubuhi pale mlangoni, hata kama tulikuwa tunakwenda kuteka maji tu. Uliuosha kwa majivu, ukausugua kwa ndimu, na bado ulinuka samaki. Tuliingia darasani nywele zikinuka ziwa zima. Mwalimu alitukalisha karibu na dirisha, na sisi wajinga tukadhani ametuheshimu! Yaya Paluku, kaka yangu mkubwa, alizoea kujikunja ili mkono upite hewani, nawe ulimshika sikio kwanza, ndipo ukaomba. Maombi yako yalikuwa mafupi kuliko yote niliyowahi kuyasikia: "Bwana, siye hatujue njia. Weye unajua. Amina." Ningetoa nini nipate tena harufu ile, asubuhi moja tu.

Hata siku tulipokimbia vita, watu wakipita mbio pande zote, wewe ulisimama kwenye njia panda na furushi kichwani ukatugusa mmoja mmoja. Nilikukasirikia sana. Nilitaka uchague njia, wewe unaomba! Ukamaliza, ukashika njia moja tu, huku ukituuliza kama kuna aliyekumbuka kubeba chumvi. Tulifika kwa watu tusiowajua, wakatupokea.

Lakini Paluku naye ulimtuma.

Goti lako lilikuwa linauma, akateremka Kasenyi badala yako kuchukua samaki. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, akainama mlangoni, mara hiyo bila kukwepa. Ukaomba yale yale. Hakurudi. Hata mwili hatukuuona. Hapo ndipo ninaponaswa, Mama. Mkono ulikuwa ule ule, na maombi yale yale.

Kwenye matanga jirani mmoja alikuuliza kama kweli Mungu alikusikia. Nilitaka kumtoa nje. Wewe uliweka chai yako chini, ukamwambia: "Sijue, mama. Kama ningejua, ningekuambia. Lakini sina fasi ingine ya kwenda kulia." Watu walipotawanyika na maisha yakaanza tena, ulisimama mlangoni ukanituma shule. Mkono ulitetemeka. Ukauweka hivyo hivyo.

Miaka yote nilidhani ulitutuma kwa sababu hukuwa na woga. Sasa nina mtoto wangu, na nimejua kwamba uliogopa kila asubuhi.

Nimemwomba Mungu anipe ishara, hata ndoto. Nimelala fofofo, sikuota kitu! Masika amekwisha kukunja nguo zake zote. Anazikunjua, anazikunja tena, ananitazama kwa pembeni. Hanisukumi. Ana subira yako, na sijui aliipata wapi, maana kwangu haikupita.

Basi nimekata shauri, Mama. Sitasimama pale niwaambie watu kwamba mwanangu atarudi salama, maana sijui. Nitamwambia Mungu kwamba naogopa. Nitasema kwa sauti, mchungaji asikie, hata wale wa benchi la mwisho wasikie. Mungu hajanieleza habari ya Paluku mpaka leo, na huenda hatanieleza nikiwa hapa duniani. Lakini usiku ule wa matanga Bwana alikuwa nasi, nilimhisi, na wewe ulimhisi. Siwezi kujifanya sikumhisi.

Pumzika, mama yangu. Bado nakulilia, hasa asubuhi, mlango unapofunguka na hakuna wa kunizuia nisitoke kabla ya kuombewa.

Nakuahidi: Jumapili nitamtuma Masika. Nitatetemeka mbele ya kanisa zima, na sitauondoa mkono mpaka niseme amina.

Mwanao