Kuku wa Daktari

Jamhuri, Nairobi

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku. Goti lako likoje? Na mvua imefika shambani, au bado inazungukia kwa majirani? Sisi ni wazima, na leo nina furaha hata kalamu haishikiki.

Mama anaona! Juzi alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la kulia, katika hospitali moja huko Upper Hill. Jana bandeji ikatolewa.

Najua unajiuliza pesa zilitoka wapi, maana mshahara wangu wa kufua nguo Kitisuru unaujua. Zimetoka kwa yule kuku uliyempa Mama amletee daktari. Siku aliyofika tulipitia buchari kununua matumbo. Kwa macho yake ya ukungu Mama aliona koti jeupe tu, basi akamkabidhi muuza nyama kuku kwa mikono miwili. "Daktari, shika hii kitu kidogo. Unitengeneze macho."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini muuza nyama, Mzee Kilonzo, hakucheka. Aliniuliza polepole, "Kwani mama haoni kabisa?" Nikalia palepale, mbele ya wateja.

Kilonzo ni mzee wa kanisa letu pia. Jumapili akaitisha harambee, akamnadi kuku. Mwenye nyumba wetu akamnunua, kisha akapaza sauti, "Namrudisha, uza tena!" Akauzwa mara tisa, Baba, kuku yuleyule! Mara ya tisa Mama akashindwa kuvumilia, akasimama. "Jameni, wacheni kuuza! Hiyo kuku ni ya daktari!" Kanisa zima likaangua kicheko, na mifuko ikafunguka upya. Pesa zikatimia.

Daktari wa kweli amepewa kuku wake, na ameondoka naye akitabasamu. Mama naye, bandeji ilipotoka, alinishika nywele. "Mwende, umeota mvi na hukuniambia." Tulilia, tukacheka, nesi akatunyamazisha.

Nisalimie dada Kasyoka na watoto wake, na shangazi anayekupikia. Jumamosi namleta Mama nyumbani. Ukija kutupokea steji, acha ile fimbo uliyokuwa ukimwongozea njiani. Anasema ameishikilia nyuma yako miaka minne, sasa yeye atatangulia, nawe umfuate na hilo goti lako.

Ni mimi, binti yako mwenye mvi,
Mwende