Breki Ulizosema Umebadilisha

Manizales, Jumapili

Kaka Wilmer,

Huku hatujambo. Mkono wa Mama uliovunjika gari lilipogonga ukuta mteremkoni umeunga, na ameanza tena kukanda mikate yake ya mahindi, arepa.

Kwa kuwa umehamia Cali, gari nimelipeleka kwa fundi mwingine. Akauliza, "Dada, sevisi ya mwisho ulifanyiwa nini?" Nikamtajia ulivyoniambia: oili, filta, plagi na breki mpya, kwa peso laki sita. Akafungua gurudumu, akaniita nione.

"Huyo alikuoshea injini tu, dada. Breki hizi zimekwisha zamani."

Na ulijua gari hilo ndilo linalompeleka Mama kliniki, kwenye ule mteremko.

Mama anadhani ilikuwa bahati mbaya. Kila akisali anakuombea wewe kwanza, nami naitikia amina.

Dada yako,
Yurleny