Pale Nilipoandika Kwamba Hakuna Mtu

Bondeni, Mombasa
14 Mei 2025

Mpendwa Dada Nyevu,

Hujambo dada yangu? Joto la Maskati lakuendeaje, na ule mgongo umepoa? Natumai Mola anakuweka salama. Sisi tu wazima. Stacy wangu anakusalimu sana. Mtoto ameota meno mawili, na usingizi nyumbani umekwisha.

Utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Kwenye simu ningekata kabla ya kusema. Ndiyo maana nimempa Kasyoka barua hii akuletee, maana likizo yake imeisha na anarudi huko kazini. Dada, nina haya, na nimeibeba tangu mwaka jana.

Unakumbuka nilivyotamba nilipopata kazi kwa wathamini wa ardhi pale Ganjoni? Basi mwaka jana tulipewa kazi ya kuthamini hori letu, ule mkono wa bahari ulio nyuma ya kwenu. Kampuni moja ilitaka kukata mikoko ijenge yadi ya makontena. Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu: mahali hapa panatumiwa na nani, na panawapa nini.

Tulifika saa nne asubuhi, mimi na Ronny, mwenzangu wa ofisini, mtu wa bara. Maji yalikuwa yamejaa tele. Wewe na mimi tumekulia pale, twajua maji yakijaa haingii mtu mikokoni. Kaa huchokolewa maji yakipwa, na chaza hivyo hivyo. Ronny hakujua. Alitazama huku na huku, akaniuliza kama turudi jioni. Nikamwambia hakuna haja.

Kwa nini? Nilivaa viatu vipya, dada. Na sikutaka Ronny ajue kwamba karo yangu ilitoka kwenye ndoo ya kaa. Ndiyo hiyo tu sababu, sina nyingine.

Mara mamako akatokea ukingoni na ndoo yake, anasubiri maji yatoke. Akaniona. Akaita kwa furaha, "Jefwa! Jefwa baba, umekuja?" Nikajitia hamnazo. Ronny akauliza kama yule mama ananijua. Nikacheka, nikasema huku kwetu kila kijana huitwa Jefwa. Kisha nikainamia fomu nikaandika: hakuna mtu anayepatumia. Shangazi yangu aliyeninyonyesha pamoja nawe amesimama hatua thelathini!

Wakakata nusu ya mikoko. Bamvua ya Machi, bahari inapojaa kupita kiasi, ilipokuja, maji yaliingia nyumba sita, na kwa mamako yalifika kitandani. Najua alikwambia ni mvua tu. Si mvua. Kisima kimekuwa cha chumvi. Kamba wadogo waliokuwa wakikulia kwenye mizizi hawaonekani tena, na uchafu wa mitaro ya mji, uliokuwa ukinaswa kwenye tope, sasa waja hadi mlangoni. Ndoo ya kaa iliyotusomesha haijai hata nusu. Siku hizi mamako anafua nguo za watu kwenye maghorofa ya Ganjoni, mitaa miwili tu kutoka ofisini kwetu. Nikimwona kwa mbali nabadilisha njia. Ndivyo nilivyo, dada, usinipambe.

Wenyeji walipolalamika, fundi akaitwa apime ukuta wa kuzuia maji. Akataja milioni tisa. Nikakaa nikimsikiliza. Kazi hiyo yote mikoko ilikuwa ikiifanya bure, pamoja na kutulisha, na mimi niliipa sufuri kwa mkono wangu. Wala si kwa kutojua. Ronny angeweza kusema hakujua, mimi siwezi.

Sasa kampuni yataka nusu iliyobaki, na fomu yangu ndiyo wanayoishika mkononi. Jumanne ijayo kuna mkutano kwa chifu. Nimeshamwambia Ronny kila kitu. Akasema nikisimama kuikana fomu yangu, kazi sina. Najua. Stacy pia anajua, na amelia, lakini hakunizuia. Nitasimama. Nitasema maji yalikuwa yamejaa, na kwamba yule mama mwenye ndoo nilimjua.

Kinachonitoa jasho si kazi. Mamako atakuwa amekaa pale mbele, na hajui. Mwaka mzima amekuwa akiwaambia majirani kwamba siku ile upepo ulikuwa mkali, Jefwa hakumsikia. Hata mimi mwenyewe aliniambia hivyo Krismasi, huku akinipakulia wali. Nikala. Nilijaribu kumwambia Jumapili baada ya ibada, nikaishia kumuuliza habari za magoti.

Nimetaka jambo hili ulisikie kwangu kwanza, kabla hujaambiwa na watu. Ukinikasirikia una haki, nitukane utakavyo. Nakuomba jambo moja tu: Jumanne jioni mpigie simu mamako, ukae naye hata kama hasemi kitu. Simu yangu sijui kama ataipokea.

Nisalimie Truphosa mnayekaa naye chumba kimoja, na wote wa nyumbani kwetu walioko huko. Mungu akulinde katika nyumba za watu, akurudishe kwa mamako ukiwa mzima.

Wako akupendaye, ijapokuwa sina uso wa kukutazama,

Jefwa