Taa ya Tangi la Samaki

Chiayi, 2 Julai

Mwanangu Pei-yu,

Hujambo? Mgongo umepoa, au bado wanakusimamisha zamu mbili kiwandani? Sisi huku hatujambo. Ning anakula vizuri. Jana alimaliza bakuli mbili za wali wa bata mzinga, akauliza kwa nini mama yake hapiki hivyo. Nimemwambia asikuulize.

Sikupigi simu maana nikipiga huwa uko kazini. Samaki wameugua. Wana madoa meupe mwilini, kama wamenyunyiziwa chumvi. Wawili wamekufa, na kwa kuwa Ning alikuwa amewapa majina, tumewazika kama watu. Nikitia dawa wanapata nafuu, kisha madoa yanarudi. Muuza samaki anasema ninunue taa ya urujuanimno, ya kuua vijidudu majini. Anazo za kila ukubwa, na kila ukubwa anausifu. Nyinyi kiwandani mnasafisha maji kwa taa hizo hizo, basi niambie ipi itafaa. Tangi ni lile lile la mwanangu, marehemu mume wako. Yeye angejua, lakini ndiyo hivyo.

Wako,
Baba

Hsinchu, 6 Julai

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, mgongo tu. Mwambie Ning mama yake anajua sana kupika, ila anapika Ning akiwa amelala.

Kuhusu taa, usianze na taa, anza na maji. Pima tangi kwa ndoo, Ning akuhesabie, maana mawe na mizizi vinakula nafasi. Nadhani mtapata kama lita mia mbili. Ingekuwa shida ni maji kuwa ya kijani tu, wati tisa zingetosha. Vijidudu vya madoa ni sugu zaidi. Chukua wati kumi na nane, na pampu ndogo ya kupitisha kama lita mia tatu kwa saa. Maji yakipita mbio mbele ya taa, kijidudu kinatoka upande wa pili kikiwa hai. Na kile kilichokwisha kujichimbia kwenye ngozi ya samaki, taa haikifikii. Uwe na subira. Siku ya kutia dawa, zima taa.

La mwisho, na hili nakuomba sana: iwe ile iliyofungwa ndani ya bomba lake. Wanauza nyingine tupu, za kutumbukiza, kali na za kupendeza. Usichukue hiyo. Mwanga wake unaunguza macho na mtu hahisi kitu mpaka baadaye.

Mwanao,
Mama Ning

Hsinchu, 24 Julai

Baba,

Daktari wa huku anasema macho ya Ning yamepona. Ile taa haikumwachia kovu.

Siku nilipokuja kumchukua sikuuliza mengi. Uliniambia pale mlangoni, "Aliiwasha mwenyewe nilipokuwa jikoni," na Ning alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka. Nikaamini. Kwenye treni nilimgombeza, nikampiga kofi mkononi, mtoto aliyeungua macho, mpaka mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka akasema, "Dada, mwache kwanza."

Jana nilimuuliza taratibu alifikaje kwenye swichi ya juu ya kabati. Akafikiri, akasema alipanda kiti. Kwako hakuna kiti cha kumfikisha pale, Baba. Hata mimi hutumia ngazi. Nikamuuliza kiti kipi. Akainama kufunga viatu.

Sitamuuliza tena. Nakuuliza wewe.

Pei-yu

Chiayi, 11 Agosti

Mwanangu Pei-yu,

Natumai mu wazima. Barua yako niliipata zamani. Nimeanza kuijibu mara nyingi, na kila nikifika kwenye neno "mimi" mkono unakataa.

Ni mimi niliyewasha.

Tulipima tangi kwa ndoo kama ulivyosema. Nikaenda dukani na barua yako mfukoni, nikaitaja ile ya wati kumi na nane. Walikuwapo wazee wawili niliofanya nao kazi stesheni, wanatazama kasa. Mmoja akasema, "Bwana Lo, siku hizi ratiba anakupangia mkweo?" Wakacheka. Nami nilikuwa mkuu wa stesheni. Treni haikuondoka bila mkono wangu kupanda. Nikamwambia muuzaji anipe kubwa kuliko zote. Ilikuwa tupu, ya kutumbukiza. Muuzaji mwenyewe akauliza kama nina hakika. Nikamwambia sihitaji kufundishwa.

Nyumbani nikaiwasha nje ya maji ili Ning aione. Mwanga wa samawati, mzuri kweli. Nikamwambia, "Sogea uone, hii ndiyo itakayowaponya." Akasogea, akatazama kwa muda, kwa sababu mimi nilikuwa namsifia. Miwani yangu ilinikinga. Jioni akaanza kulia kwamba ana mchanga machoni.

Kule zahanati, daktari aliuliza nani aliwasha. Watu walijaa pale, na wote wananijua. Nikasema, "Watoto, daktari, si unawajua." Ning alikuwa ameushika mkono wangu. Hakuuachia. Nikajiambia hakusikia.

Wewe ulipokuja nikarudia yale yale, maana ya kwanza yalikuwa yameshatoka.

Taa nimeirudisha dukani, nimefunga ile uliyoichagua wewe. Siandiki hilo ili unisifu.

Baba

Hsinchu, 15 Agosti

Shikamoo Baba,

Asante kwa kusema. Nami nimemwomba Ning radhi kwa yale ya kwenye treni. Hakujua aifanyie nini radhi yangu, akaniuliza kama maziwa yamebaki.

Lako siwezi kumfikishia mimi. Wala barua haitafaa; bado anasoma kwa kufuata kidole. Njoo umwambie kwa mdomo. Jumapili sina zamu. Nitawapisha.

Pei-yu

Chiayi, 27 Agosti

Mwanangu Pei-yu,

Hamjambo? Mimi nilifika salama, magoti tu ndiyo yananung'unika. Uliporudi na supu ukaniuliza tumesema nini, nikakujibu, "Tumezungumza." Sikuweza zaidi ya hapo.

Ulipotoka nilikaa naye sakafuni. Maneno niliyoyapanga tangu Chiayi yote yalipotea. Nikasema, "Ning, ile taa aliiwasha babu. Babu alidanganya."

Alikuwa anamenya balungi. Hakuinua uso. Akasema, "Najua, babu. Nilikuwepo."

Nikamuuliza kwa nini alikubali kugombezwa. Akasema, "Ulikuwa unaogopa." Kisha akanipa kipande alichokwisha kukitoa ngozi, nikala, sikuweza kukataa.

Kesho yake nilikwenda zahanati, nikakaa foleni kama mgonjwa. Nikamwambia daktari nani aliwasha, mlango ukiwa wazi. Alitikisa kichwa, akaita anayefuata. Nilipotoka hakuna aliyeniangalia, na hilo nalo lilikuwa zito.

Usimwambie Ning kwamba nimekuandikia haya. Au mwambie. Sijui tena lipi ni la kumficha yeye.

Babu yake Ning