Mjomba, Ungetaja Namba

Mjomba Shomari,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana nakujua, ungenichelewesha makusudi.

Ni mimi Hamadi, mpwa wako, yule uliyesema ana miguu ya swala na akili ya mbuzi. Nimekaa kibarazani kwa mama hapa Mlandizi, mguu wa kulia nimeuegesha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nimekatazwa kukimbia wiki sita. Mimi! Kijana ambaye nikipita sokoni wasichana wanaacha kuchagua nyanya. Usicheke. Waliacha wawili, niliwaona.

Nina hasira na wewe. Nakwambia mapema usije ukadhani hii ni barua ya kukulilia.

Unakumbuka nilivyoanza? Nilitoka hapa Mlandizi nikashika barabara ya Mzenga, nikakimbia mpaka jua likaniambia basi, nikarudi mbio vilevile. Siku ya kwanza hiyo, na raba za mtumba zilizoisha soli. Kesho yake kushuka kitandani nilishindwa, magoko yote mawili yanawaka kama yamepakwa pilipili. Ukaja, ukacheka mpaka kofia ikadondoka. Halafu ukapiga magoti, ukanishika miguu kama fundi anayekagua meza. "Mguu mpya unafundishwa, haupigwi," ukasema.

Ukanitoa kwenye lami ukanipeleka kwenye udongo wa pembeni. Dakika moja kukimbia, mbili kutembea. Mimi, kutembea, watu wananiona! Jioni ukaniambia niweke barafu kwenye ugoko. Mimi nikanunua barafu za ubuyu, nafunga mguuni, zikianza kulainika nazila. Ukasema hujawahi kuona mgonjwa anayekula dawa yake ya kupaka.

Na kila asubuhi, kabla sijafunga kamba za viatu: "Taja namba." Sifuri, hakuna maumivu. Kumi, bora ukatwe. Ikizidi tatu tunatembea, ikizidi tano tunarudi nyumbani. Niliishia kidato cha pili lakini kuhesabu hadi kumi hakujawahi kunishinda. Kunyoosha ulimi ndiko kulinishinda. "Sifuri, Mjomba!" nasema kwa sauti ya mwadhini. Wewe unaubonyeza ugoko kwa kidole gumba, naruka.

"Sifuri gani inaruka kama panzi? Sikia we mtoto. Mguu si adui yako. Adui ni ulimi unaouficha mguu. Anayeficha maumivu, mimi sikimbii naye."

Ulisema hivyo. Wewe.

Nikikuuliza yako, unajipiga kifua: "Mimi chuma. Sifuri."

Baadaye ukaanza kuja na baiskeli. Kocha hakimbii, ukasema, kocha anaangalia. Nikaamini, nikapata na la kukutania kila siku. Mpaka ile Jumapili, kwenye mlima wa kuingilia kwenu Vihingo. Nilikuwa mbele yako, namba yangu moja, ya kweli kabisa. Nikageuka nikakuona unaisukuma baiskeli. Nikapaza sauti: "Mjomba umezeeka! Subiri nishuke nikubebe na baiskeli yako!" Wale jamaa wa mkaa pale pembeni wakaangua kicheko.

Ukailaza baiskeli majanini. Ukakimbia. Ukanipita, Mjomba, na kandambili zako, unacheka. Nikafurahi mimi mjinga, nikakufuata napiga makofi. Ulipofika juu ukakaa chini, ukashika kifua. Nikadhani unaniigiza mimi siku zile za magoko. Nikasimama mbele yako nikasema, "Namba ngapi, chuma?"

Ukainamia magoti yako, hukuinuka tena.

Tulikuzika kesho yake, baada ya adhuhuri. Shehe akasimama, akasema marehemu ni binadamu, aliishi na watu, aliyemkosea amsamehe. Watu wakaitikia, "Tumemsamehe." Sauti yangu ilizidi za wote. Nilijua nasamehe nini? Labda yale makofi mawili ya utotoni.

Siku ya tatu Zaituni akaja na kifurushi cha vidonge. Binti yako huyo hajui kuficha kitu, kakosa urithi wako. Akaniambia moyo wako ulikuwa umechoka, na tangu kabla ya Ramadhani hospitali walikukataza kukimbia. Alijua yeye, alijua mama yake, alijua hata mama yangu, dada yako wa tumbo moja, anayenipikia uji kila siku! Uliwaambia, "Msimwambie Hamadi, ataacha mazoezi."

Nyumba mbili zinajua. Asiyejua ni yule mwenye mdomo wa kukutania mlimani. Ungeniambia ningekutania juu ya kitu kingine, Mjomba. Pua yako tu ingetosha mwaka mzima.

Basi nikakimbia kwa hasira. Kila siku, kwenye lami, bila kutembea, bila barafu. Ugoko wa kulia ukapata sehemu moja, upana wa kidole, inayouma hata nikiwa nimelala. Nikawa najiuliza mwenyewe namba, najijibu sifuri. Nilijifunza kwa chuma.

Mpaka juzi mguu ukagoma kukanyaga, mama akanikokota zahanati. Daktari akaushika, akaniuliza: "Kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni namba ngapi?"

Mjomba, nilimkodolea macho. Kumbe hukuitunga wewe. Walikuuliza wao hospitali, juu ya kifua chako, ukawajibu. Halafu ukatoka na swali lao, ukaniletea mimi nitunzie miguu yangu, na jibu lako ukalificha.

Nikamwambia sifuri. Akabonyeza, nikaruka. Nikasema nane, nikaanza kulia. Akadhani ni mguu. Akasema mfupa umeelemewa, ningeendelea hivi ungepasuka.

Ijumaa ni arobaini yako. Nitakuja Vihingo kwa bodaboda, nimepakiwa kama bibi harusi, watu wacheke. Lile neno nililolitoa makaburini nimelirudisha, nililitoa kabla sijajua. Nikilisema tena nitakuwa najua nasamehe nini. Leo halijatoka. Sikufichi.

Nakuahidi hili: wiki sita nitazimaliza, kisha dakika moja kukimbia, mbili kutembea, kama mtoto mchanga. Na yeyote nitakayekimbia naye, kabla sijamuuliza namba yake, nitamtajia yangu.

Pumzika, Mjomba. Mungu akuangazie huko uliko.

Mguu wangu leo ni nne. Kifua ni tisa.

Umeona? Wala si kazi kubwa kutaja.

Mpwa wako,
Hamadi